Mtakatifu Damien wa Molokai: Upendo Usiosubiri Watu Wawe Wema

Kila mwaka ifikapo tarehe 10 Mei, Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Damien wa Molokai, padre mmisionari aliyeishi karibu miaka 16 kati ya wagonjwa wa ukoma, akaugua ugonjwa wao na kufa kati yao. Wengi wetu tumesikia habari zake katika mafundisho ya Kipaimara au katika mahubiri ya Dominika. Mara nyingi habari hizo husimuliwa kwa kifupi sana: padre mwema aliwahurumia wagonjwa wanyonge, akajitoa sadaka kwa ajili yao.

Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanaacha jambo linalotugusa zaidi sisi tunaoishi katika familia, jumuiya ndogo ndogo na parokia zetu. Wagonjwa wale hawakuwa wote watu wapole na wenye shukrani. Walikuwamo walevi, wagomvi, na watu waliokwisha kukata tamaa wasijali tena lililo jema. Naye Padre Damien hakuwa malaika. Alikuwa mwepesi wa hasira, mkaidi, na mtu mgumu kufanya naye kazi. Mtu mwenye kasoro aliwapenda watu wenye kasoro hadi mwisho, na Kanisa limeuona katika maisha hayo utakatifu wa kweli. Tumtazame basi kwa utulivu, kwa kuwa swali analotuuliza ni zito: je, tunampenda jirani alivyo, au tunasubiri kwanza awe mwema ndipo tumpende?

Kijana wa Tremelo

Jozef De Veuster alizaliwa tarehe 3 Januari 1840 katika kijiji cha Tremelo nchini Ubelgiji, akiwa mtoto wa saba wa Frans De Veuster na Anne-Catherine Wouters. Wazazi wake walikuwa wakulima na wafanyabiashara wa nafaka, nao walitumaini kwamba kijana huyu mwenye mwili wa nguvu angerithi biashara ya nyumbani. Walimpeleka shule ajifunze lugha ya Kifaransa kwa shabaha hiyo. Lakini kaka yake, aliyeitwa Pamphile katika utawa, alikuwa amekwisha kujiunga na Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria katika mji wa Leuven, na mwaka 1859 Jozef alimfuata. Katika utawa alipewa jina la Damien, kwa heshima ya mfiadini Damiano, yule mganga ambaye Kanisa humtaja daima pamoja na ndugu yake Kosma.

Hakuwa msomi. Kwa kuwa hakujua Kilatini, alipokelewa kwanza kama bruda, na ni kaka yake aliyemfundisha lugha hiyo hadi wakubwa wakamruhusu kusomea upadre. Mwaka 1863 Pamphile alichaguliwa kwenda umisionari katika visiwa vya Hawaii, lakini homa kali ilimzuia kusafiri. Damien, ambaye alikuwa bado hajapadrishwa, alimwandikia moja kwa moja Mkuu wa Shirika mjini Paris kuomba aende badala ya kaka yake, bila kupitia kwa mkubwa wake wa karibu. Ruhusa ilitolewa. Hata hivyo tendo hilo linatuonyesha mapema tabia yake: akishaona la kufanya, hakuwa na subira ya kuzunguka.

Baada ya safari ya bahari ya zaidi ya miezi minne aliwasili Honolulu tarehe 19 Machi 1864, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, msimamizi wake wa ubatizo. Tarehe 21 Mei mwaka huohuo alipewa daraja takatifu la upadre katika Kanisa Kuu la Bikira Maria Malkia wa Amani. Kwa karibu miaka 9 alifanya utume katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, akisafiri kwa farasi na kwa miguu, akijenga makanisa madogo kwa mikono yake mwenyewe pamoja na waamini wake.

Rasi iliyotengwa

Katika miaka ile ukoma ulikuwa umeenea Hawaii, na hapakuwa na dawa. Mwaka 1865, wakati wa utawala wa Mfalme Kamehameha wa Tano, ilipitishwa sheria ya kuwatenga wagonjwa. Mahali palipochaguliwa ni rasi ya Kalaupapa katika kisiwa cha Molokai. Pande tatu za rasi hiyo ni bahari, na upande wa nne ni ukuta wa mwamba wenye kimo cha mamia ya mita. Kundi la kwanza la wagonjwa lilishushwa hapo mwezi Januari 1866. Tangu mwaka huo hadi sheria hiyo ilipofutwa mwaka 1969, watu wapatao 8,000 walipelekwa kuishi hapo.

Tutafakari maana ya jambo hilo. Mtu alipogundulika kuwa na ukoma alitolewa nyumbani, akaagwa na wake kama maiti, na kwa wengi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuonana. Serikali ilitarajia kwamba wagonjwa wangejilimia na kujitunza wenyewe, lakini watu wasio na vidole na wenye vidonda miguuni wangelimaje? Walikuwapo waume na wake wenye afya waliokubali kuwafuata wenzi wao ili kuwauguza, na hao ni mashahidi wa upendo ambao majina yao hayamo katika kalenda yetu. Walikuwapo pia waamini wa Kiprotestanti miongoni mwa wagonjwa, waliojijengea kanisa lao hapo Kalawao kabla Damien hajafika. Mungu hakuwa amewaacha watu wake. Lakini wengi walikuwa hawana mchungaji wala mtunzaji, na kifo kilikuwa habari ya kila juma.

Mwezi Mei 1873, Askofu Louis Maigret alikutana na mapadre wake katika kisiwa cha Maui wakati wa kubariki kanisa jipya. Aliwaeleza jinsi wagonjwa wa Molokai walivyoomba padre wa kukaa nao. Hakutaka kumwamuru yeyote kwa utii, kwa sababu alijua kwamba huenda amri hiyo ikawa hukumu ya kifo. Mapadre wanne walijitolea kwenda kwa zamu, na Damien akawa wa kwanza. Tarehe 10 Mei 1873 alishuka Kalaupapa pamoja na Askofu wake, akiwa na umri wa miaka 33. Baada ya muda mfupi aliomba abaki moja kwa moja, na zamu ya wengine haikufika.

Watu aliowakuta

Usiku wa siku za kwanza alilala chini ya mti wa jamii ya mkadi kando ya kanisa dogo la Mtakatifu Filomena. Kwa kweli mwili wake uliikataa kazi ile. Harufu ya vidonda ilimshinda hata akahitaji kutoka nje ya vibanda apate hewa, na alianza kuvuta kiko ili moshi wa tumbaku uifunike harufu iliyobaki katika nguo zake. Ni vema tulijue hilo. Upendo wake haukuanza na hisia tamu. Ulianza na uamuzi wa kurudi ndani ya kibanda alichokuwa ametoka.

Wengi wa wagonjwa walikuwa wamepoteza tumaini, na mtu asiye na kesho huweza kufanya lolote leo. Walitengeneza pombe kali kwa mizizi ya mmea wa huko, wakanywa hadi kupoteza akili. Wenye nguvu waliwanyang'anya dhaifu. Watoto yatima walitumikishwa, na wasichana walikuwa hatarini. Walikuwapo wagonjwa walioachwa wafe peke yao kwa sababu hawakuwa tena na faida kwa mtu.

Isitoshe, wakati ule walikuwapo hata baadhi ya waganga waliodai kwamba ukoma hutokana na uzinzi, ingawa katika mwaka huohuo wa 1873 daktari Gerhard Armauer Hansen wa Norway aligundua vijidudu vinavyouleta. Kwa hiyo mgonjwa alibeba mizigo miwili: ugonjwa wenyewe, na dhana ya kwamba alijitakia. Wahenga wetu walisema kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Katika maisha ya kawaida msemo huo una hekima yake, kwa kuwa unatuonya tusijitafutie matatizo. Lakini ukigeuzwa kuwa kipimo cha huruma, hauwezi kusimama mbele ya Msalaba. Mtume Paulo anawafundisha Warumi kwamba Kristu alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa bado wenye dhambi (taz. Rum 5:8). Sisi sote ni watu wa mwiba wa kujichoma, na Mungu ametuambia pole kwa damu ya Mwanae.

Damien aliingia katika vibanda vya watu hao wote bila kuuliza kwanza nani anastahili. Aliosha vidonda na kuvifunga. Alikula pamoja nao katika chungu kimoja chakula chao cha magimbi yaliyopondwa, akijua kwamba Mhawaii hawezi kumwamini mtu anayekikataa chakula chake. Alikuwa fundi seremala wao, mchimba makaburi wao na mtengenezaji wa majeneza yao. Kabla ya hapo maskini wengi walizikwa bila jeneza katika makaburi mafupi. Alianzisha pamoja nao chama cha mazishi, ili kila mmoja ajue kwamba atazikwa kama mtoto wa Mungu, kwa wimbo na kwa sala. Sisi tunaojua uzito wa kuzikana katika jumuiya zetu tunaelewa mara moja heshima iliyorudishwa kwa watu hao.

Mwaka 1874 upepo mkali ulipobomoa vibanda vyao vibovu, aliomba mbao kutoka Bodi ya Afya akajenga nyumba pamoja na wagonjwa waliokuwa bado na mikono ya kushika nyundo. Walileta maji kwa mabomba hadi karibu na makazi. Aliwajengea yatima nyumba za kuwalinda, wavulana mbali na wasichana. Aliunda kwaya na bendi, na wapo waliopiga ala kwa vidole vichache walivyobaki navyo. Aliwafundisha pia kuabudu Ekaristi Takatifu kwa zamu, na asiyeweza kufika kanisani alishika zamu yake akiwa kitandani.

Kuonya bila kuacha kupenda

Hapa tusimame kidogo, kwa maana mtu anaweza kudhani kwamba kuwapenda watu walivyo ni kuyafumbia macho maovu yao. Damien hakufanya hivyo hata kidogo. Alijulikana kwa kuyaendea maficho ya pombe akiwa na fimbo mkononi, akaimwaga pombe na kuvunja vyombo. Aliwakemea waziwazi waliowadhulumu yatima. Wapo waliomchukia kwa sababu hiyo, na si wote waliobadilika.

Lakini mtu aliyevunjiwa chungu chake jioni aliweza kufungwa kidonda chake asubuhi, na mikono ilikuwa ni ileile. Hilo ndilo linalotofautisha maonyo ya mchungaji na hasira ya mtu aliyechoka. Hasira ya mtu aliyechoka husema kosa na kuondoka. Mchungaji husema kosa na kubaki. Wagonjwa waliliona jambo hilo, na polepole wengi wakajua kwamba padre huyu mwenye sauti kali hatawaacha, hata wakirudi katika ulevi wao, na hata wakifa wakiwa bado wanapambana nao.

Upendo huo haukuwa na uhakika wa matunda. Bwana wetu mwenyewe aliwaponya wakoma kumi, akarudi mmoja tu kumshukuru, tena Msamaria (taz. Lk 17:11-19). Hatusomi kwamba wale tisa ugonjwa uliwarudia kwa sababu ya utovu wao wa shukrani. Zawadi ya Mungu ilibaki kuwa zawadi.

Kasoro za padre mwenyewe

Sasa tuguse upande ambao wasimulizi wengi huupita haraka. Damien, aliyekuwa na subira ya ajabu kwa wagonjwa, hakuwa na subira hiyohiyo kwa wenzake. Mapadre waliotumwa kwa nyakati tofauti kumsaidia hawakuweza kuelewana naye, na makosa hayakuwa ya upande mmoja. Aliisumbua Bodi ya Afya kwa madai yasiyokwisha ya mbao, nguo na dawa. Alipenda mambo yaende kama alivyoona yeye, akianza kazi nyingi kwa pamoja bila mpango mzuri.

Wakubwa wake wa Shirika mjini Honolulu nao walimhesabu kuwa mtu wa kujitafutia sifa. Sifa zake zilipoenea katika magazeti ya Ulaya, na padre mmoja wa Kianglikana mjini London, Hugh Chapman, alipokusanya fedha nyingi kwa ajili ya wagonjwa wa Molokai, wakubwa hao waliona aibu na kuudhika, kana kwamba wao hawafanyi kitu. Maneno makali yaliandikwa. Damien aliumia mno kwa kutoeleweka na ndugu zake kuliko alivyoumizwa na ugonjwa.

Jambo jingine lililomwumiza ni upweke wa kiroho. Katika mwaka wake wa kwanza alikatazwa kutoka rasini, na meli ilipoleta mkubwa wake wa Shirika, nahodha hakuruhusu yeyote kupanda wala kushuka. Ndipo Damien, akiwa katika mtumbwi mdogo kando ya meli, aliungama dhambi zake kwa sauti, watu wakisikia, na kupokea maondoleo kutoka juu. Katika vipindi vya baadaye alipokosa kabisa padre wa kumwungamisha, alipiga magoti mbele ya Tabernakulo na kumweleza Yesu wa Ekaristi makosa yake. Mtu anayejua kwamba anahitaji maondoleo kiasi hicho hapati urahisi wa kumtazama mwenye dhambi kutoka juu. Tunadhani hapo ndipo penye siri ya uvumilivu wake kwa wagonjwa: aliwahudumia wenye dhambi akiwa mmoja wao.

Alipofanana nao katika yote

Mwezi Desemba 1884 Damien alitumbukiza miguu yake katika maji ya moto. Ngozi iliungua, lakini hakuhisi maumivu. Aliyewauguza wagonjwa kwa zaidi ya miaka 11 hakuhitaji kuelezwa maana yake, na mwaka 1885 daktari alithibitisha kwamba ana ukoma. Tangu hapo aliposema sisi wagonjwa, neno hilo halikuwa tena namna ya kufariji. Lilikuwa kweli ya mwili wake.

Angeweza kuondoka na kutafuta faraja kwingine, kwani hata kwa macho ya wanadamu alikuwa amemaliza wajibu wake. Alibaki. Alizidisha kazi, kama mtu anayejua kwamba jua linakaribia kuzama. Na katika miaka hiyo ya mwisho Mungu alimletea wasaidizi. Mwaka 1886 alifika Joseph Dutton, Mmarekani aliyekuwa askari, ambaye zamani alikuwa mlevi na sasa alitaka kutumia maisha yaliyobaki kufanya toba. Alidumu katika huduma hiyo zaidi ya miaka 40. Mwaka 1888 alifika Padre Louis Lambert Conrardy, Mbelgiji mwenzake. Mwezi Novemba mwaka huohuo alifika Mama Marianne Cope pamoja na masista wenzake Wafransiskani kutoka Marekani, wakachukua ulezi wa wasichana na baadaye wa wavulana. Mama huyu naye ametangazwa mtakatifu mwaka 2012.

Tuone jinsi Mungu anavyofanya kazi. Mtu aliyeshindwa kuelewana na wenzake alihitaji naye kupendwa na watu waliomvumilia. Dutton, aliyejua udhaifu wake mwenyewe, alimvumilia padre mwenye haraka na hasira. Mama Marianne alimhakikishia kwamba watoto wake yatima hawataachwa. Anayewapenda wenye kasoro naye hubebwa na upendo wa wengine, na hakuna Mkristu anayetoa tu bila kupokea.

Padre Damien aliaga dunia tarehe 15 Aprili 1889, siku ya Jumatatu ya Juma Kuu, akiwa na umri wa miaka 49. Alizikwa chini ya mti uleule aliolala siku alipofika.

Hata baada ya kifo lawama hazikukoma. Mchungaji mmoja wa Kiprotestanti mjini Honolulu, Charles McEwen Hyde, aliandika barua iliyochapishwa gazetini akidai kwamba Damien alikuwa mchafu, mkaidi, na kwamba ukoma wake ulitokana na maisha yasiyo safi. Aliyejibu hakuwa Mkatoliki. Ni mwandishi mashuhuri Robert Louis Stevenson, Mskoti wa malezi ya Kiprotestanti, aliyekuwa amefika Kalaupapa majuma machache baada ya kifo cha Damien na kuwahoji waliomfahamu. Katika barua yake ya wazi ya mwaka 1890 hakuficha kasoro za Damien. Alizikubali: ukali, ukaidi, ukosefu wa utaratibu. Lakini alionyesha kwamba mtu huyo mwenye kasoro ndiye aliyekwenda na kubaki, wakati wengi waliokuwa na mwenendo wa kupendeza walikaa majumbani mwao.

Mwaka 1936 mwili wake ulirudishwa Ubelgiji. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 4 Juni 1995 mjini Brussels, na katika mwaka huo mkono wake wa kuume ulirudishwa Molokai, mkono uliowagusa wale ambao hakuna aliyetaka kuwagusa. Papa Benedikto XVI alimtangaza Mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009.

Fundisho kwetu

Wapendwa, leo ukoma una dawa, na mgonjwa anayewahi hospitali hupona. Hata hivyo katika kila parokia bado kuna rasi zilizotengwa. Sisi mapadre tunaozunguka nyumba kwa nyumba tunazifahamu. Yuko baba mzee aliyeitelekeza familia yake ujanani, na sasa amerudi akiwa mgonjwa, anahitaji kuoshwa na mtoto aliyekua bila malezi yake. Yuko kijana aliyeuza mali ya nyumbani kwa ajili ya dawa za kulevya, na mama yake bado humwachia chakula. Yuko ndugu aliyedhulumu katika mirathi, na leo amefiwa. Yuko mwanajumuiya mwenye ulimi mkali ambaye kila mtu angefurahi asipofika katika sala ya Alhamisi. Hao wote wanastahili kuonywa. Lakini je, wanastahili kuachwa?

Mtume Yohane anatukumbusha kwamba asiyempenda ndugu anayemwona hawezi kumpenda Mungu asiyemwona (taz. 1 Yoh 4:20). Na ndugu tunayemwona, tunamwona pamoja na kasoro zake. Hakuna ndugu mwingine. Bwana alipowaachia wanafunzi wake upendo kuwa alama ya kuwatambulisha (taz. Yn 13:34-35), alikuwa ameketi mezani na Petro ambaye angemkana, na muda mfupi kabla alikuwa amemwosha miguu Yuda ambaye angemsaliti. Alama ya imani yetu iliwekwa katikati ya watu wenye kasoro, kwa ajili ya watu wenye kasoro.

Tuseme pia kwa uwazi kwamba upendo huu haumlazimishi mtu kubaki mikononi mwa anayempiga au anayehatarisha maisha ya watoto wake. Damien mwenyewe aliwajengea yatima nyumba ili kuwatenga na waliowadhuru, na hakuona kwamba kufanya hivyo kunapingana na huruma. Anayekimbia kipigo hajaukana upendo. Anaweza kumwombea mkosaji na kumtakia wokovu akiwa mahali salama, naye Kanisa linapaswa kumpokea.

Lakini wengi wetu hatuko katika hatari ya namna hiyo. Tuko tu katika uchovu. Tumechoka kumvumilia mtu yuleyule kwa kosa lilelile. Kwa uchovu huo Damien anatupatia dawa mbili alizozitumia mwenyewe. Ya kwanza ni Ekaristi Takatifu, ambayo aliiona kuwa nguvu pekee iliyomwezesha kudumu Molokai. Ya pili ni Sakramenti ya Kitubio, ambayo aliitamani hata akaungama kutoka mtumbwini. Anayekula mezani pa Bwana bila kustahili, na anayesamehewa tena na tena, hupata moyo wa kufunga tena kidonda cha mtu ambaye jana alimtukana.

Katika juma hili tunamwalika kila mmoja wetu amchague mtu mmoja, mmoja tu, ambaye tumekwisha kumtenga moyoni. Tumtembelee, tumpigie simu, au tukae naye mezani. Tusisubiri kwanza aombe radhi. Mtakatifu Damien hakuwakuta watu wema Molokai. Aliwakuta watu, na hilo lilimtosha.

Ee Mungu Baba wa huruma, uliyempa Mtakatifu Damien moyo wa kukaa na walioachwa na wote, utujalie sisi watoto wako wenye kasoro kuwapenda ndugu zetu wenye kasoro, ili kwa upendo huo ulimwengu umtambue Mwanao. Kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Damien wa Molokai, utuombee.